Lenzi za boksi la uhalisia pepe zinapinda mistari pembeni: tutafute lenzi bora, au tufuate njia ya Howlett?

MwalimuFizikia, Uyole

Habari wakuu. Naomba msaada wa wanaoijua optiki.

Kidato cha tatu wanatengeneza boksi la kutazamia uhalisia pepe (VR) kwa simu, ndani ya mada ya mwanga na lenzi. Boksi limekamilika, simu inaingia vizuri, picha inaonekana, lakini hakuna anayeweza kuitazama zaidi ya dakika mbili.

Vipimo vyetu ni hivi. Lenzi mbili za plastiki, kipenyo mm 34, upande mmoja bapa na mwingine umebinuka, ukingoni zimechongwa "x10". Tumeziweka mm 40 kutoka kwenye skrini. Kutoka katikati ya lenzi moja hadi katikati ya nyingine ni mm 63. Simu ina skrini ya inchi 6.5, pikseli 2400 kwa 1080. Picha imegawanywa nusu kwa nusu na inajaza skrini nzima.

Yanayotusumbua: kwanza, picha mbili hazikutani, mtu anaona vitu viwili viwili. Pili, macho yanauma na kichwa kinagonga. Tatu, mistari iliyonyooka inapinda pembeni. Ukitazama picha ya darasa, fremu za madirisha katikati ziko sawa, za pembeni zimebonyea kuelekea ndani na pembe nne za picha zimevutwa nje.

Kuna aliyetuambia lenzi ni mbovu, tuagize nyingine. Mwingine akasema tusome habari za Eric Howlett na lenzi zake za LEEP kwanza, kwamba naye alikutana na mistari hiyo hiyo. Naomba kujua alifanya nini hasa, na kipi kati ya hivyo kinawezekana kwa katoni na simu.

---

Fundi_Lenzi, Iringa

Kamwene mwalimu. Usitupe lenzi. Matatizo yako mawili ya kwanza ni ya vipimo, na la tatu si ubovu, ndiyo tabia ya lenzi yoyote nene inayotazamwa kwa pembe pana. Nianze na la tatu kwa kuwa ndilo la Howlett.

Lenzi moja ya mbinuko haikuzi sawasawa kila mahali. Nukta iliyo katikati inakuzwa kwa kiasi fulani, iliyo mbali na katikati inakuzwa zaidi kidogo, na iliyo mbali zaidi inakuzwa zaidi sana. Pembe za mraba ziko mbali na katikati kuliko pande zake, kwa hiyo pembe zinasukumwa nje kuliko pande. Hapo ndipo unapoona fremu ya dirisha imebonyea.

Wengi waliomtangulia walilikwepa tatizo hilo kwa kupunguza upana wa mwono. Kifaa cha kichwani cha Ivan Sutherland cha mwaka 1968 kilikuwa na mwono wa nyuzi 40 hivi, sawa na kutazama dirisha kutoka upande wa pili wa chumba. Ukibaki kwenye nyuzi 40 lenzi inakutii, lakini mtazamaji hajisikii yuko ndani ya picha.

Howlett, Mmarekani aliyefanya kazi zake Waltham, Massachusetts, alikuwa anafikiria picha za mnato. Alitaka slaidi ya macho mawili inayomzunguka mtazamaji. Mwishoni mwa miaka ya 1970 akatengeneza mfumo alioupa jina LEEP, kifupi cha maneno yenye maana ya eneo kubwa na mtazamo wa ziada. Badala ya kupigana na lenzi ya kutazamia mpaka inyooshe mistari yote, aliiacha ipinde, kisha akatengeneza kamera yenye mpindo wa kinyume. Kamera inabana pembe za picha kuelekea katikati, mistari inavimba kama ubavu wa pipa. Lenzi ya kutazamia inazivuta pembe zilezile kurudi nje. Makosa mawili yanafutana na jicho linaona mstari ulionyooka. Hataza yake ya Marekani ni namba 4,406,532, ya mwaka 1983.

Faida ya pili ilikuwa kwenye kingo. Picha iliyobanwa pembeni inaruhusu eneo pana sana la mandhari kuingia kwenye kipande kidogo cha filamu, na katikati, mahali jicho linapokaa muda mwingi, panapata nafasi kubwa zaidi ya filamu.

Mwaka 1985 Michael McGreevy na wenzake wa NASA Ames, California, walihitaji lenzi zinazoweza kuifanya skrini ndogo ya runinga ya mfukoni ijaze mwono wa mtu. Walichukua za LEEP. Kampuni ya VPL ya Jaron Lanier nayo ikazitumia kwenye EyePhone, kifaa chake cha kuvaa kichwani kilichoingia sokoni mwaka 1989. Lakini angalia kilichopotea njiani: lenzi za kutazamia zilichukuliwa, kamera yake ikaachwa. Picha ilitoka kwenye kompyuta, na kompyuta za wakati ule hazikuwa na nguvu ya kuipinda kinyume kila fremu. Nusu moja ya wazo ikabaki bila mwenzake na mistari ikapinda kama inavyopinda kwako. Mwaka 1992 Warren Robinett na Jannick Rolland wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichapisha hesabu za lenzi za LEEP zikiwa ndani ya EyePhone, wakaonyesha namna ya kuipinda picha ili mistari irudi.

Leo simu ya bei ya chini inaipinda picha kinyume mara 60 kwa sekunde bila kuhema. Kwa hiyo kamera ya Howlett unayo mfukoni, ila kwa sura ya programu. Unachokosa ni namba za lenzi yako.

---

Mama_Optiki, Mbeya mjini

Nakubaliana na Fundi, ila ameruka jambo ambalo kwangu ni kubwa kuliko mpindo.

Mpindo unaweza kuurekebisha kwenye picha. Ukungu hauurekebishi. Ukizungusha jicho kutazama pembeni, mboni inahama milimita kadhaa kutoka mahali ilipokuwa, kwa kuwa jicho linazunguka kwenye kitovu kilicho nyuma ya konea (kioo cha mbele cha jicho) kwa takriban mm 13. Lenzi inayotoa picha safi pale tu mboni inapokuwa katikati kabisa itampa mtazamaji ukungu kila anapogeuza macho. Kila lenzi ya LEEP ilikuwa vipande vitatu vipana, vilivyopangwa ili mboni iweze kutembea na picha isiharibike. Ndiyo maana NASA waliweza kuichukua ikiwa tayari. Programu yoyote ya simu haitakupa hicho. Ni kipenyo na umbo la lenzi.

Kwa boksi la mwalimu maana yake ni mbili. Kwanza, mm 34 ni kipenyo kizuri, usishawishike kununua za mm 25. Jicho likiwa mm 18 nyuma ya lenzi ya mm 25 linapata mwono wa nyuzi 70 hivi. Kwa lenzi ya mm 34 linapata 87. Mwanafunzi mwenye miwani analazimika kukaa mm 30 nyuma, na hapo ya mm 25 inampa nyuzi 45 tu, yako bado inampa 59.

Pili, geuza upande. Lenzi yenye upande bapa iweke ubapa uelekee jicho na mbinuko uelekee simu. Ukiweka kinyume, katikati patakuwa safi kidogo zaidi lakini pembeni patachafuka upesi. Ijaribu kwa karatasi ya grafu kabla ya kugundisha.

Swali kwako: hiyo "x10" umeipima? Lenzi inayokuza mara 10 ina urefu wa fokasi (umbali kutoka lenzi hadi mahali inapokusanya mwanga wa mbali) wa mm 25, kwa sababu hesabu ni 250 kugawanya kwa urefu wa fokasi. Kwa mm 25 usingeona chochote ukiwa mm 40 kutoka kwenye skrini.

---

MwalimuFizikia, Uyole

Nashukuru sana. Tumepima leo. Tumesimama ndani ya chumba chenye giza, dirisha likitazama mlima Loleza, tukasogeza lenzi mbele ya karatasi nyeupe mpaka ukingo wa mlima ukatulia juu ya karatasi ukiwa kichwa chini. Kutoka lenzi hadi karatasi ni mm 48 kwa lenzi zote mbili. Kwa hiyo ni x5 na ushee, wala si x10.

Upande bapa ulikuwa unatazama simu. Tumegeuza, na pembeni pametulia kwa kiasi kinachoonekana.

Sasa naomba hesabu za umbali na za ile picha mbilimbili.

---

Fundi_Lenzi, Iringa

Safi, mm 48 inatosha kabisa. Sasa maumivu yanaeleweka.

Umbali kwanza. Skrini ikiwa mm 40 na fokasi mm 48: 1/48 toa 1/40 ni hasi 1/240. Picha unayoitazama imekaa sentimita 24 mbele ya lenzi. Jicho linakazana muda wote kama mtu anayesoma maandishi madogo ya chupa ya dawa. Sogeza skrini hadi mm 46: 1/48 toa 1/46 ni hasi 1/1104, yaani mita 1.1. Hapo jicho linapumzika. Usivuke mm 48, maana picha itapita ukomo na hakuna jicho la kawaida litakaloilenga. Mm 2 za usalama zinatosha, ila katoni isiwe inabonyea: ukiiminya kwa vidole ikasogea mm 4, umeshabadilisha umbali wa picha kutoka mita 1.1 hadi chini ya sentimita 34.

Mwenye myopia kidogo (asiyeona vizuri vya mbali) ataona vizuri bila miwani ukisogeza skrini karibu. Kila mm 1 hapo inabadilisha karibu nusu dayopta (kipimo cha nguvu ya lenzi), kwa hiyo reli ya katoni yenye mwanya wa kusogea mm 5 itawahudumia wengi.

Picha mbilimbili. Skrini ya inchi 6.5 ya umbo hilo ina upana wa karibu mm 150. Ukiigawa nusu, katikati ya picha ya kushoto na katikati ya picha ya kulia zinaachana mm 75. Lenzi zako zinaachana mm 63. Kila picha imekaa mm 6 nje ya lenzi yake, na kwa umbali wa mm 40 hizo ni nyuzi 8 hivi. Unamwambia mtu atazame kulia kwa jicho la kulia na kushoto kwa jicho la kushoto kwa wakati mmoja, huku kila jicho likilenga sentimita 24. Macho ya binadamu hayafanyi hivyo. Yakijitahidi, ndipo kichwa kinapogonga.

Punguza picha nzima iwe na upana wa mm 126 katikati ya skrini, nafasi nyeusi mm 12 kila upande. Kwa skrini yako hizo ni pikseli 2008 kati ya 2400. Katikati za picha zitaachana mm 63 kama lenzi.

Kisha kagua urefu wa juu na chini. Lenzi moja ikiwa juu ya mwenzake kwa mm 1 tu, picha zinapishana zaidi ya nyuzi 1 wima, na wima macho yana uvumilivu mdogo sana kuliko ulalo. Kata mashimo yote mawili kwenye kipande kimoja cha katoni, kwa mstari mmoja uliochorwa kwa rula, usikate vipande viwili na kuviunganisha.

---

kijana_wa_Tukuyu

Naongezea ya katoni, maana huku Rungwe unyevu hautuachi.

Katoni ya kawaida ya mizigo inanyonya maji ya hewani na kulegea ndani ya wiki moja ya mvua. Pakeni nje na ndani gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, mara mbili, iache ikauke usiku mzima ikiwa chini ya vitabu vizito isijikunje. Ndani pakeni rangi nyeusi isiyong'aa. Katoni ya kahawia ndani inaakisi mwanga wa skrini na picha inapauka.

Weka ukuta wa katoni katikati kuanzia kati ya lenzi hadi karibu kugusa skrini. Bila ukuta, jicho la kushoto linaona ukingo wa picha ya kulia.

Supa gluu isikae karibu na lenzi. Mvuke wake unaganda juu ya plastiki na kuacha ukungu mweupe usiofutika. Lenzi ishikwe kwa pete mbili za katoni, moja mbele moja nyuma, na pete ndizo zigundishwe kwa gundi ya mbao.

Asubuhi za Juni na Julai, hasa Njombe, Makete na huko juu kwenu Uyole, lenzi ya baridi ikikaribia uso inapata umande kutokana na joto la ngozi na pumzi. Zishikeni lenzi viganjani dakika mbili kabla ya kutazama, toboeni matundu mawili ya mm 10 juu ya kila lenzi, na pengo la pua liwe pana ili pumzi itoke chini.

Na hili nasema kwa msisitizo: boksi lisiachwe dirishani lenzi zikitazama jua, hata simu ikiwa imezimwa. Lenzi ya mm 34 yenye fokasi mm 48 inakusanya jua kwenye nukta ya nusu milimita hivi, na nukta hiyo inaangukia karibu na skrini. Inachoma. Wala mwanafunzi asitazame jua kupitia lenzi hizo hata kwa sekunde moja.

Kingine, kagueni kama simu ina jairoskopu, yaani kihisi kinachojua simu inapogeuzwa. Simu nyingi za bei ya chini hazina. Bila jairo, video ya nyuzi 360 itagoma kumfuata mtu anapogeuza kichwa au itamfuata kwa kuchelewa na kutetemeka, na hapo kichefuchefu ni hakika. Simu ya namna hiyo itumieni kwa picha zilizotulia tu.

---

MwalimuFizikia, Uyole

Ndaga fijo kijana. Picha zimekutana! Skrini iko mm 46, upana mm 126, na sasa mtu anatazama dakika tano bila kulalamika. Mistari ya pembeni bado. Fundi, ulisema tunakosa namba za lenzi. Zinapatikanaje bila maabara?

---

Fundi_Lenzi, Iringa

Kwa simu ya pili na karatasi ya grafu, na ni somo zuri la kuchora grafu.

Tengeneza picha ya miraba, mistari myeupe juu ya nyeusi, mstari mmoja kila pikseli 80. Kwa skrini yako pikseli 80 ni mm 5. Hakikisha kwa rula juu ya kioo. Weka mstari mmoja upite katikati ya lenzi.

Chukua simu ya pili, piga kwanza miraba hiyo bila lenzi, kutoka sentimita 30. Kama mistari imenyooka, kamera yenyewe haina mpindo wa kukudanganya. Kisha weka kamera mahali pa jicho, mm 18 nyuma ya lenzi na katikati yake, upige tena. Usitumie kamera ya pembe pana, tumia ya kawaida. Kwenye picha hiyo pimeni kwa pikseli: mraba wa katikati una pikseli ngapi, na mstari wa mm 10, wa mm 20 na wa mm 25 kutoka katikati umeangukia pikseli ya ngapi.

Leteni namba hapa.

---

MwalimuFizikia, Uyole

Mraba wa katikati pikseli 100, yaani pikseli 20 kwa kila mm. Mstari wa mm 10 uko pikseli 204. Wa mm 20 uko 436. Wa mm 25 uko 573. Tumepima kushoto na kulia na kuchukua wastani, tofauti haikuzidi pikseli 3.

---

Fundi_Lenzi, Iringa

Vizuri sana. Kama lenzi isingepinda, mm 20 ingekuwa pikseli 400 na mm 25 ingekuwa 500. Ziada ni asilimia 9 na asilimia 14.6.

Sasa gawanya kila umbali kwa mm 46 za skrini hadi lenzi, uiite r. Mm 20 ni 0.435, mraba wake 0.189. Mm 25 ni 0.543, mraba wake 0.295. Kanuni inayotumika kwenye programu nyingi ni kwamba nukta iliyoko r inaonekana iko r mara (1 + k1 r² + k2 r⁴). Gawanya ziada kwa r²: kwa mm 20 unapata 0.09/0.189 = 0.476, kwa mm 25 unapata 0.146/0.295 = 0.495. Wanafunzi wachore namba hizi wima na r² ulalo. Mstari ukikata mhimili wa wima, hapo ni k1. Mteremko wake ni k2. Kwako k1 ni 0.44 na k2 ni 0.17 hivi. Ile ya mm 10 usiitegemee kupata mteremko: ziada yake ni pikseli 4 tu, na kosa la pikseli 1 linaihamisha kwa robo.

Kwa kulinganisha, boksi la kwanza la Google Cardboard (boksi la katoni la Google kama lenu) la mwaka 2014 lina 0.441 na 0.156, lenzi zikiwa mm 60 kati yake na skrini mm 42. La mwaka 2015 lina 0.34 na 0.55, mm 64 na mm 39. Lenzi yako imekaa jirani kabisa na ile ya kwanza, na hilo linaonyesha kipimo chenu si cha kubahatisha.

Pa kuziweka. Programu zinazofuata mfumo wa Cardboard husoma msimbo wa QR wenye vipimo vya boksi: umbali kati ya lenzi, umbali hadi skrini, k1 na k2. Google waliuweka wazi msimbo chanzo wa mfumo huo mwaka 2019. Ukitumia programu hizo, ile kazi ya kupunguza picha iwe mm 126 iache, programu itaipanga yenyewe kwa umbali wa lenzi uliouandika. Ukifanya yote mawili, picha zitaachana tena.

Kwa picha zilizotulia na bila intaneti, fungua kila nusu kwenye GIMP (programu ya bure ya kuhariri picha), tumia kichujio cha mpindo wa lenzi, vuta kitelezi mpaka miraba ivimbe kama pipa, ipeleke kwenye simu, tazama ndani ya boksi. Miraba ikinyooka, andika thamani ya kitelezi ukutani na uitumie kwa picha zote. Kila jicho lipindwe peke yake. Ukipinda picha ya nusu mbili kwa pamoja, kitovu cha mpindo kinaangukia kwenye ukuta wa katikati na unaharibu zote mbili.

---

Mama_Optiki, Mbeya mjini

Mtakapomaliza mpindo mtaanza kuona rangi. Pembeni mstari mweupe utakuwa na ukingo wa bluu upande mmoja na mwekundu upande mwingine, kwa sababu plastiki inapinda bluu zaidi kuliko nyekundu. Kama lenzi ni akriliki, fokasi ya rangi hizo inatofautiana karibu mm 0.8, kama ni polikaboneti ni karibu mara mbili ya hapo. Programu nzuri hupinda nyekundu, kijani na bluu kwa viwango vitatu tofauti. Kwa mkono, kwenye GIMP, tenganisha rangi tatu na uikuze nyekundu iwe kubwa kidogo tu kuliko bluu, kwa sehemu ndogo ya asilimia, mpaka kingo zikutane.

Vinukta vya skrini vitaonekana, hilo halina dawa. Pikseli yako moja ni mm 0.063, kwa mm 46 inajaza karibu dakika 5 za nyuzi (nyuzi moja ina dakika 60), na jicho zima linatofautisha dakika 1. Msisogeze skrini nje ya fokasi ili kuvificha, mtarudisha maumivu ya macho.

Watakaonunua lenzi: miwani ya kusomea ya pale soko la Mwanjelwa haifai. Ya +3.00 ina fokasi ya sentimita 33. Mnahitaji kama dayopta 20. Kioo cha fundi saa cha x5 kinakaribia, ila kipimeni kwa dirisha na mlima kama mlivyofanya, maandishi ya ukingoni hayaaminiki.

---

kijana_wa_Tukuyu

Na picha za kuweka humo msizitafute mbali. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa karibu mita 3 na hakitikisiki, ni kitu kizuri kuanza nacho. Nguzo za udongo za Isimila kwa walio Iringa.

Mnapiga picha mbili kwa simu moja, ya jicho la kushoto kisha ya jicho la kulia. Pigilieni misumari miwili kwenye ubao kama vizuizi, ili simu iteleze mm 64 tu kutoka kushoto kwenda kulia. Fungeni fokasi na mwanga kabla ya picha ya kwanza. Simu itazame mbele moja kwa moja mara zote mbili. Mkiigeuza kidogo kuelekea kitu, pande za picha zinapishana wima na macho yanauma. Kitu cha karibu zaidi kisiwe ndani ya mita 2, ambayo ni mara 30 ya mm 64.

Upande wa mbali: kwa pikseli za ukubwa huo na hatua ya mm 64, kitu kilicho zaidi ya mita 47 kinahama chini ya pikseli moja kati ya picha mbili. Loleza itatoka bapa kama pazia. Mkitaka kilima cha karibu, cha mita mia chache, kiwe na kina, hatua iwe mita 1 na pasiwe na mti wala mtu ndani ya mita 30, ila kilima kitaonekana kidogo kama cha mfinyanzi.

Ukubwa wa kweli ndio uliomfanya Howlett alinganishe kamera na kitazamio. Kamera ya kawaida ya simu inachukua takriban nyuzi 67 kwa upana. Kwa boksi lenu, picha ya kila jicho iwe na upana wa karibu mm 61 kabla ya kupindwa, na kimondo kitakaa mbele ya mwanafunzi kwa ukubwa wake. Mkiikuza zaidi kinavimba na kusogea, mkiipunguza kinakuwa jiwe la kushika mkononi.

Picha iliyopigwa kushoto ikae kushoto. Zikibadilishana, mashimo ya kimondo yatatokeza nje kama vinundu, na hilo ndilo la kukagua kwanza picha ikionekana ya ajabu.